Kilio Kwenye Meza ya Nne

"Unyoya ni wangu," alisema Argiris, hata kabla Inspekta Areti Dana hajamaliza kuutoa kwenye mfuko wa nailoni.

Alisema hivyo siku aliyokamatwa, akasema hivyo jana, na asubuhi hii alirudia kwa sauti ile ile ya mtu anayetaja jina lake kwa karani. Areti alimchukia kidogo kwa hilo. Waongo aliwazoea, na majibu yao aliyajua kwa moyo: si wangu, niliibiwa, niliupoteza mwaka jana. Mtu asiyejitetea hata kidogo ndiye aliyemnyima usingizi.

Ushahidi ulimwelekea mmoja tu. Fotis Zeras, mpiga fidla wa bendi yao ndogo ya Mavropetra, alikutwa na mchunga mbuzi chini ya korongo la kinu cha zamani, fuvu limepasuka. Juu yake, pale njia inapopita ukingoni, ulikutwa unyoya wa tai. Siku hizi wengi wanaopiga lauto, ala ya jamii ya gitaa, hukwaruza nyuzi kwa kipande cha plastiki. Kijijini Mavropetra aliyebaki na unyoya, kama walivyopiga babu zake, ni Argiris peke yake, mpiga lauto wa bendi hiyo hiyo. Tena mchana wa mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria, yeye na Fotis waligombana mgahawani mbele ya watu, na Argiris akaapa kumvunja Fotis mkono wa kushikia upinde. Jioni ile Fotis hakutokea jukwaani. Bendi ikapiga bila fidla, watu wakacheza mpaka wakachoka, na kila mtu akaamini kwamba Fotis amenuna akaenda zake. Kununa ilikuwa kazi yake ya pili.

"Maabara wamejibu," alisema Areti. "Unyoya una mafuta. Ya kondoo, yamechanganywa na nta. Ya nini?"

"Napaka vidole."

"Nipe mkono."

Argiris akautoa. Ulikuwa mkavu, ncha za vidole zimekomaa na kupasuka kama kisigino. Areti akaurudisha mezani taratibu.

"Ukipaka mafuta vidoleni nyuzi hazitateleza?"

"Kwani wewe unapiga lauto, afande?"

"Sipigi. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Areti akamweleza bila kumzungusha. Kesho asubuhi atapelekwa kwa mwendesha mashtaka kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Kamanda ameshawaambia watu wa magazeti kwamba kesi imekwisha. Mkewe Despo ana mimba ya kujifungua wiki hii au ijayo, na mtoto atajifunzia kutembea kwenye chumba cha wageni cha gereza. Aliposikia jina la Despo, Argiris alifumba macho. Alipoyafumbua aliutazama ukuta.

"Andika ulichonacho," alisema.

Areti alitoka nje ya kituo, akawasha sigara ambayo alikuwa ameapa kutoiwasha, akaivuta nusu. Alikuwa na siku moja, na mtuhumiwa wake mwenyewe alikuwa anamfungia milango. Akaingia kwenye gari akashika njia ya milimani.

Mzee Kitsos, mpiga tari wa bendi ile, alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake akianika tari juani, maana ngozi ikila unyevu wa usiku hailii vizuri. Alikuwa na lake la kusema, na alilisema kabla hajaulizwa. Aliyemuua Fotis, kwa maoni yake, ni jamaa wa Konitsa mwenye kinanda cha umeme. Fotis alitaka kumleta yule jamaa kwenye bendi. Kinanda chake kina ngoma ndani, kina fidla ndani, kina hata klarineti ndani, na mtu anayebeba bendi nzima kwapani hashindwi kuua. Areti alimwacha amalize. Jamaa wa kinanda alikuwa ameshamchunguza, na siku ya mkesha alikuwa pwani, anapiga harusini mbele ya ukumbi uliojaa watu, tena kwenye picha za arusi alionekana zaidi kuliko bwana arusi.

"Wasumbufu wengi wana bahati," alisema mzee Kitsos kwa masikitiko.

"Ugomvi wa mgahawani ulikuwa juu ya nini, mzee? Kinanda?"

Kitsos akaligeuza tari, akaligonga kwa kidole, akalisikiliza. Kinanda kilikuwa mwanzo tu, alisema. Fotis alitamka mbele ya watu kwamba Lambros, mpiga klarineti wao na kiongozi wa bendi, siku hizi anapuliza upepo mtupu, na kwamba kamati ya sikukuu ingefaa imstaafishe. Hapo ndipo Argiris alipopandwa na hasira. Lambros ndiye baba wa ubatizo wa Argiris. Baba mzazi wa Argiris alipokufa kwenye machimbo Ujerumani, Lambros alimchukua, akamlisha, akampa lauto. Ukimtukana Lambros mbele ya Argiris umeomba kupigwa.

"Na ni kweli? Anapuliza upepo?"

Mzee akatazama kulia na kushoto, ingawa pale palikuwa na kuku tu.

"Ana meno ya bandia tangu Pasaka. Ya mbele, yale yanayoshika mdomo wa klarineti. Anadhani sijui. Nimekaa ubavuni pake tangu tuna nywele nyeusi, nitakosa kusikia? Sauti za juu zinamponyoka. Fotis naye alisikia. Angeiambia kamati, na mwakani nani angemwita Lambros?"

"Alasiri ya mkesha Lambros alikuwa wapi?"

"Hapa kwangu, amelala. Chumba cha nyuma."

"Ulimwona amelala?"

"Kulikuwa kimya."

"Chumba kina dirisha?"

Kitsos akaitikia kwa kichwa. Dirisha lilikuwepo. Lilitazama vichochoro vinavyoshuka kwenye kinu.

Areti hakufurahi. Dirisha si ushahidi, na kimya nacho si ushahidi. Wakili yeyote mwenye kiatu kimoja angevikanyaga vyote viwili kabla ya kahawa. Mzee akaomba lifti, kwa kuwa jioni bendi ilikuwa na kazi katika kijiji cha Kato Rahi, na Lambros alishatangulia kufunga vyombo. Areti akamwambia amsubiri kidogo. Alitaka kwanza kuwapa pole wafiwa.

Bi Vasilo, mama yake Fotis, alikuwa jikoni na sinia kubwa la ngano, anachambua mawe. Mazishi yalikuwa kesho mchana, na ngano ya wafu, inayochemshwa na kugawiwa mazishini, haichambuliwi na mwingine mama akiwapo. Alimkaribisha Areti kwa kumwonyesha kiti kwa kidevu. Kahawa ilikuja, na kipande cha pai ya jibini, kwa sababu msiba haumfanyi mtu wa Mavropetra amwache mgeni na njaa. Kisha akamlaani Argiris, yeye na uzao wake, taratibu na kwa mpangilio, na vidole vyake havikuacha kuchambua.

Areti alivumilia. Kisha akamwomba amsimulie jioni ya mkesha, tangu alipotoka nyumbani.

Alisimulia. Alikwenda uwanjani mapema, akashika meza yao ya kila mwaka. Akamwekea Fotis sahani na uma, kwani hata akinuna huwa anakuja kula. Hakuja. Halafu akasema jambo ambalo Areti, aliyekuwa ameinua kikombe, alikirudisha mezani bila kunywa.

"Na jioni ile ile nilitukanwa. Na Lambros."

"Alikutukana vipi?"

"Kwa klarineti."

Areti alikuwa mtoto wa milima ile, hakuhitaji kufundishwa. Sikukuu haianzi kwa ngoma. Kwanza klarineti hushuka jukwaani bila maikrofoni, ikaenda meza kwa meza kwenye nyumba zilizofiwa tangu sikukuu iliyopita, ikawapigia kilio. Wafiwa wakishalia, marehemu wameshirikishwa, ndipo walio hai wanapata ruhusa ya kucheza. Mwaka huu nyumba zilizofiwa zilikuwa tatu.

"Alipiga tatu," alisema bi Vasilo. "Kwa mfuga nyuki, kwa mwalimu, kwa wale wa chini kanisani. Akageuka kama anarudi jukwaani. Mara nikamwona anakuja kwangu. Akasimama anaposimama kwa wafiwa, akafumba macho, akapiga. Nikajisemea, amemkumbuka marehemu mume wangu, walikuwa marafiki, ingawa yeye kilio chake alishapigiwa mwaka alipokufa. Nikanyamaza. Lakini mwishoni akaingiza wimbo wa kumtoa bibi arusi kwao."

"Ndani ya kilio?"

"Ndani ya kilio. Nikawaka moto. Fotis ana miaka thelathini na sita, hana mke, kijiji kizima kinanicheka. Nikadhani na huyu ananikebehi. Nikamwambia, toka hapa, Lambros. Wimbo wa arusi tunawapigia waliokufa hawajaoa. Mwanangu hajafa, nikamwambia, mwanangu amenu..."

Mkono wake ulisimama ndani ya ngano. Areti aliona wazo likimwingia yule mama, na hakuwa na njia ya kulizuia. Bi Vasilo alitazama sinia muda mrefu.

"Alijuaje?" aliuliza.

Areti alimwomba afunge mlango na asimfungulie mtu, wala asitamke jina la Lambros mpaka asikie kutoka kwake. Bi Vasilo aliitikia kwa kichwa. Areti alipofika mlangoni, nyuma yake ngano ilikuwa bado haijaanza kulia tena kwenye sinia.

Njiani mzee Kitsos alikaa kiti cha nyuma na tari lake magotini. Aliuliza mara moja tu kama kuna jipya. Areti alimuuliza yeye: jioni ile, Lambros alipokwenda kwenye meza ya bi Vasilo, bendi walifikiri nini? Kitsos alisema walifikiri amelewa. Kisha akakumbuka, kwa sauti, kwamba Lambros hanywi kabla ya kupiga. Akalishika tari kwa mikono miwili mpaka Kato Rahi.

Jua lilikuwa bado juu. Vijana wa kamati walikuwa wanapanga viti, nyaya zimetandazwa uwanjani, spika moja inakoroma. Lambros Mitsulis, mtu mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, alikuwa jukwaani anajaribu maikrofoni. Moja, mbili. Moja, mbili. Alipomwona Areti aliinua mkono kama anavyowasalimu wageni wa heshima. Aliketi ukingoni mwa jukwaa, akafungua kopo dogo, akaanza kupaka mafuta kizibo laini kinachobana maungio ya klarineti.

Areti aliketi karibu naye, akachukua kopo, akanusa.

"Mafuta ya kondoo?"

"Na nta kidogo. Ya dukani yananuka hospitali."

"Na matundu yakijaa mate, unayasafishia nini?"

"Karatasi ya sigara."

"Tangu lini?"

Mkono wa Lambros ulipunguza mwendo. "Binti yangu," alisema, "umetoka mbali kuja kuuliza usafi wa klarineti?"

"Nimekuja kuuliza meza. Mkesha wa sikukuu, Mavropetra. Ulipiga kilio kwa nani?"

Alizitaja tatu bila kusita, kwa majina ya marehemu.

"Na ya nne?"

"Nilimkumbuka Kosta, mume wa Vasilo. Kuna kosa mtu kumkumbuka rafiki yake?"

"Hakuna. Ila Kosta alikuwa na mke na mtoto. Wimbo wa bibi arusi ulikuwa wa nani?"

Spika ikaacha kukoroma. Mzee Kitsos alikuwa amesimama chini ya ngazi, tari kwapani, na hakujaribu kujifanya hasikii.

"Nilichanganya," alisema Lambros. "Uzee, afande. Vidole vinajiendea."

"Saa ile uwanja mzima ulijua kwamba Fotis amenuna. Mama yake alikuwa amemwekea sahani. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumlilia, isipokuwa mtu aliyemwacha kwenye mawe."

"Huo ni wimbo tu. Utaupeleka wimbo mahakamani?"

"Nitaupeleka na unyoya."

Lambros alimtazama kama mtu asiyeelewa, na Areti akatambua, kwa mshtuko, kwamba haelewi kweli. Polisi hawakuwa wametangaza unyoya. Lambros alijua Argiris ameshikwa kwa ugomvi tu. Huenda kila usiku alijiambia kwamba ugomvi si ushahidi, kwamba watamwachia, kwamba kimya chake hakimdhuru mtu.

"Ulikutwa ukingoni pale," alisema Areti. "Unyoya wa tai, umechakaa ncha, haufai tena kwa nyuzi, unafaa kusafishia matundu ya klarineti tu. Una mafuta haya. Argiris nyoya zikimchakaa humpa nani, mzee Lambros?"

Lambros alilifunika kopo.

"Tulimwonyesha siku ya kwanza. Aliutambua papo hapo, na alijua alimpa nani. Akasema ni wake. Tukamwonyesha mafuta, akasema anapaka vidole. Kesho asubuhi anakwenda kushtakiwa kwa kuua, mkewe anasubiri uchungu peke yake, na hajatamka jina lako hata mara moja. Wewe uko hapa unajaribu maikrofoni."

Lambros aliiweka klarineti mapajani. Areti aliona meno yale mapya, meupe kuliko umri wake, yanagongana. Alimhurumia, na akaikasirikia huruma yake.

"Nilitoka kwa dirisha nikamfuata anyamaze," alisema Lambros. "Si zaidi. Asiiambie kamati mwaka huu, nimalizie msimu mmoja. Nilimkuta njia ya kinu. Akaniambia, cheka, Lambros. Cheka tuyaone meno. Nikamsukuma. Kwa mikono miwili, kifuani. Sikutaka afe, lakini korongo nilijua liko wapi. Nimezaliwa pale."

"Halafu ukaenda kupiga."

"Halafu nikaenda kupiga. Nikamaliza meza tatu, nikageuka. Miguu ikakataa. Wafu wote wa mwaka wamepata chao, na yeye yuko kwenye mawe, na Vasilo anamfutia uma kwa kitambaa." Alipangusa uso kwa kiganja. "Kumuua nilikuwa nimemuua. Kumnyima kilio chake nilishindwa. Nilijua ni wazimu. Nilijua ipo siku atakuja mtu aulize kama ulivyouliza wewe."

"Na Argiris? Yeye ulimwekea nini?"

Swali hilo halikuwa la kipolisi, na Areti hakujutia. Lambros aliinamisha kichwa. Mwenyekiti wa kamati alipaza sauti kutoka kwenye viti, anauliza kama maikrofoni iko sawa, na mzee Kitsos akamjibu kwa mkono kwamba asubiri.

Areti akapiga simu kituoni, akaagiza Argiris atolewe mahabusu aletwe kwenye simu. Kisha akampa Lambros. Angeweza kuzungumza yeye mwenyewe. Aliona haki ni huyu mzee ayaseme kwa mdomo wake.

"Argiris? Ni mimi, babako. Unatoka leo. Nimeshamwambia inspekta... Yote. Hapana, sikiliza. Nimesema yote."

Upande wa pili mtu alikuwa anazungumza haraka, sauti ya chini, bila kupumzika. Lambros alisikiliza huku akitikisa kichwa, kama mtu anayekataa chakula nyumbani kwa watu. Mara mbili alijaribu kuingia kati akashindwa. Mwishowe akaishusha simu mapajani bila kuikata.

"Hataki," alimwambia Areti. "Anasema nikwambie nimechanganyikiwa kwa uchungu. Anasema nipige mwaka huu na mwaka kesho, mpaka nichoke. Yeye bado kijana, anasema, akitoka atakuwa bado na vidole."

Kitsos alipanda ngazi, akaliweka tari juu ya kiti, akaenda kuizima maikrofoni.

Lambros akainua simu tena. Safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwamrisha mtoto aingie ndani mvua inanyesha.

"Argiris. Sikukulea unizidi. Nenda kwa mkeo."

Akampa Areti simu, akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti vitupu, akafungua mwenyewe mlango wa nyuma wa gari la polisi, akaketi.